Wadudu wa Udongoni kwenye Viazi Mviringo: Mwongozo Kamili wa Kuwadhibiti bila Kuua Udongo

Majani yalikuwa ya kijani hadi mwisho, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Siku ya kuvuna jembe linafunua tuta, viazi vinatoka vikubwa, na ukiwa umesimama unaviona vizuri tu. Unainama, unaokota kimoja, unakifuta udongo kwa kidole gumba, na hapo kidole kinagusa tundu. Unaokota cha pili, nacho vilevile. Mnunuzi atavitenga, ghalani vitakuwa vya kwanza kuoza, na jasho la miezi mitatu limekwenda kunenepesha mabuu.

Wadudu wa udongoni wako hivyo. Wanakula gizani, na habari zao zinakufikia wakati hakuna tena la kufanya. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza mbali kabla ya siku ya kupanda. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika mbegu ikiwa bado stoo. Ukiikosa hapo, yote utakayofanya baadaye yatakuwa ya kupunguza hasara.

Kuhusu sumu, niseme mapema. Aldrin na dieldrin zilimwagwa ardhini kwa miaka mingi kuua minyoo waya, yaani mabuu wembamba wa mbawakawa wanaotoboa viazi, na kweli ziliua. Lakini zilikaa udongoni miaka na miaka, zikapanda kwenye mnyororo wa chakula, na mwaka 2001 zikawa miongoni mwa kemikali 12 za kwanza za Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa dhidi ya sumu zinazodumu kwenye mazingira. Chlorpyrifos, ambayo wakulima wengi waliitegemea kwa wadudu haohao, nayo iliongezwa kwenye mkataba huo mwaka 2025. Kila mara inakuja dawa ya kuokoa viazi, na kila mara tunakuja kuambiwa tuiache. Kiazi si embe linaloning'inia hewani. Kinakua ndani ya udongo uleule uliotiwa sumu, kikiwa kimegusana nao pande zote.

Anza na tundu: litakuambia nani alikula

Usinunue wala usichanganye chochote kabla hujamjua mdudu wako, kwa sababu dawa hai, yaani ya viumbe kama kuvu na bakteria, inayomwangamiza mmoja haimgusi mwingine. Chukua viazi vilivyoharibika vya msimu uliopita, vioshe, kisha vikate katikati ya tundu.

Tundu jembamba, la milimita 2 au 3, lililonyooka kuingia ndani kama limetobolewa kwa msumari, ni la minyoo waya. Jina linawafaa: wembamba, wagumu, wanang'aa, rangi ya kahawia iliyoelekea njano, na wana jozi tatu za miguu mifupi karibu na kichwa. Ukimkunja kidoleni anakataa, anarudi kunyooka. Usimchanganye na jongoo mdogo, ambaye miguu yake imejaa mwili mzima na akiguswa hujiviringisha. Mzazi wa minyoo waya ni yule mbawakawa mrefu mwembamba ambaye ukimlaza chali hujirusha juu kwa mlio wa "tak". Ubaya wake ni umri: jamii kadhaa za minyoo waya huishi ardhini miaka 3 hadi 5 kabla ya kukomaa, kwa hiyo shamba lililovamiwa leo halisafishiki kwa msimu mmoja.

Mashimo mapana yasiyo na umbo, ya juujuu, kana kwamba mtu amekwangua kiazi kwa kijiko, ni ya mabuu weupe. Hawa ni wanene, wamejikunja kama upinde, kichwa cha kahawia, na sehemu ya nyuma imevimba na inaonyesha udongo walioula. Ni watoto wa mbawakawa wanaoruka jioni mvua za kwanza zinaponyesha.

Shimo kubwa lenye mdomo mpana, pamoja na miche iliyokatwa shingoni mwanzoni mwa msimu, ni kazi ya sota. Ni kiwavi wa kijivu au kahawia, mwili kama umepakwa mafuta, na ukimfukua mchana unamkuta amejikunja kwenye udongo.

Njia nyembamba zinazopindapinda chini ya ganda na ndani ya nyama, zikiwa na kinyesi cheusi kilichojaa karibu na macho ya kiazi, ni za buu wa nondo wa viazi. Huyu kitaalamu huitwa Phthorimaea operculella, na ndiye pekee kati ya hawa atakayekufuata hadi ghalani na kuzaana humo.

Mchwa na chenene wapo pia. Mchwa huja zaidi kwenye udongo uliokauka na mimea iliyonyong'onyea. Chenene utamtambua kwa miguu ya mbele iliyo kama sepetu. Na ukikuta tundu dogo nje ambalo ndani limepanuka kama pango, mara nyingi huyo si mdudu kabisa, ni konokono asiye na gamba, na njia za kumdhibiti ni nyingine.

Pekua udongo

Wiki 6 hadi 8 kabla ya kupanda, wakati udongo una unyevu, chimba mashimo ya mraba ya sentimita 30 kwa 30, kina cha sentimita 25. Unyevu ni wa lazima: udongo ukikauka au ukipoa sana wadudu hushuka chini, nawe utafurahi bure kwamba shamba ni safi. Mashimo 11 ya kipimo hicho yanakaribia mita 1 ya mraba. Yatawanye shambani kwa mwendo wa zigizagi, usiyapange yote pembeni mwa njia. Udongo wa kila shimo umwage juu ya gunia au turubai, uvunje kwa vidole taratibu, na kila mdudu unayemwona mtie kwenye kopo.

Kisha hesabu. Kupata buu mmoja tu katika mashimo yote 11 kunasikika kama si kitu, lakini mmoja kwa mita ya mraba ni 10,000 kwa hekta. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, hekta hubeba mashina yapatayo 44,000. Maana yake ni buu mmoja kwa kila mashina manne hivi, na minyoo waya hatosheki na kiazi kimoja.

Minyoo waya ni wagumu kuonekana kwa kuchimba tu, hivyo ongeza chambo. Loweka punje za ngano au mahindi usiku mzima, fukia konzi moja kwenye kishimo cha sentimita 10 hadi 15, weka kijiti cha alama. Punje zinazochipua hutoa hewa ya kaboni dioksidi, na hiyo ndiyo ishara minyoo waya huifuata kutafuta mizizi. Fukua baada ya siku 7 hadi 10. Weka chambo visivyopungua 10, na uviweke pale ambapo hakuna mimea mingine inayoota, maana mizizi hai ya magugu itashindana na chambo chako na utapata hesabu ya uongo.

Sasa jambo moja ambalo watu wengi hulikosea. Si kila buu mweupe ni adui. Mchukue mmoja, umweke juu ya mfuniko wa ndoo au ubao laini, usubiri kidogo. Akijigeuza chali na kuanza kutembea kwa mgongo, miguu ikielea hewani, huyo ni wa jamii ya mbawakawa wa maua ambao mabuu wao hula vitu vilivyooza. Mrudishe kwenye mboji, anafanya kazi yako. Akibaki amelala ubavu, akijikunja na kujikokota, mhesabu kwenye kundi la washukiwa.

Historia ya shamba

Kabla hujakubali kipande cha ardhi, uliza kilikuwa na nini miaka mitatu iliyopita. Ardhi iliyotoka kuwa malisho au iliyolala na nyasi ndiyo hatari kuliko zote kwa viazi, kwa kuwa mbawakawa wa minyoo waya na wengi wa mabuu weupe hupenda kutaga mayai kwenye nyasi. Watu huipenda ardhi hiyo kwa rutuba yake, nami nawaelewa. Ila viazi visiwe zao la kwanza hapo. Tanguliza maharage, njegere au kabichi misimu miwili, palilia kwa bidii nyasi zisirudi, kisha pekua tena. Nafaka kama ngano na shayiri ni nyasi pia, hazisaidii kuwapunguza minyoo waya.

Kuna mazao mawili yanayostahili nafasi ya pekee kwenye mzunguko: haradali ya kahawia na bakwiti (buckwheat kwa Kiingereza, zao la punje lisilo la jamii ya nyasi). Huko Prince Edward Island, Kanada, ambako minyoo waya waliwatesa sana wakulima wa viazi, watafiti waliona madhara yakipungua viazi vinapofuata mazao haya. Haradali ina kazi ya ziada. Seli za majani yake zikipondwa zinatoa gesi kali, ileile inayokuwasha pua ukila haradali yenyewe, na gesi hiyo huwasumbua wadudu udongoni.

Lakini ifanye sawasawa. Ikate inapoanza kutoa maua, ikatekate vipande vidogo kadiri uwezavyo, na uichanganye na udongo papo hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya gesi hutoka mara tu baada ya kukata. Ukikata asubuhi ukafukia jioni umefukia majani matupu. Mwagilia au subiri siku yenye mvua nyepesi ili uso wa udongo ujifunge, au bana kwa rola au gogo. Halafu acha wiki 3 kabla ya kupanda, vinginevyo gesi hiyohiyo itachoma machipukizi ya mbegu yako.

Kulima kwa wakati, na kuku

Kulima kuna nguvu kuliko inavyodhaniwa. Jembe huponda mabuu wenye ngozi laini, hupasua vyumba ambamo pupa (mabuu waliojifunga wakisubiri kuwa wadudu kamili) wamejificha, na huwaleta juu wengine wakauke juani au waliwe na ndege. Siri ni wakati: lima wadudu wakiwa juu, yaani udongo ukiwa na unyevu na joto kiasi. Ukilima kiangazi kikavu, wao wamelala chini ya ncha ya plau. Lima mara mbili au tatu kwa kuachana siku 7 hadi 10.

Ukiwa na kuku, wafungulie nyuma ya jembe. Hakuna mashine inayookota buu kwa uangalifu kama kuku mwenye njaa. Wapeleke asubuhi kabla hawajapewa chakula, na wakimaliza waondoe, wasikae hapo hadi wakati wa kupanda.

Baada ya kulima, shamba likae bila magugu wiki 2 hadi 3 kabla ya kupanda. Hiki ni kipengele cha sota hasa. Nondo wake hutaga kwenye magugu mafupi, na viwavi wanapoanza kukua wewe unapalilia na kupanda viazi: umewanyang'anya chakula kimoja ukawapa kingine. Bila magugu, wachanga hufa njaa.

Kwa bustani ndogo, plastiki angavu iliyotandazwa juu ya udongo uliolowa, kingo zikafukiwa, kwa wiki 4 hadi 6 za jua kali kabisa, hupika tabaka la juu. Shambani ni gharama na taka, siishauri.

Samadi mbichi ni mwaliko

Kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu katika mashamba ya viazi, lingekuwa hili. Mbawakawa kadhaa wanaozaa mabuu weupe huvutwa na samadi isiyoiva, hutaga humo, na sisi wenyewe tunawabeba kwa toroli hadi kwenye mfereji wa viazi. Kisha tunashangaa wametoka wapi.

Ivishe samadi kabisa. Lundo lichanganywe na majani makavu, liwe na unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa, na lipande joto hadi nyuzi 55 na zaidi za Selsiasi. Usipokuwa na kipimajoto, chomeka fimbo ya chuma katikati kwa dakika 10, uichomoe, uishike: ukishindwa kuikamata kwa muda, joto lipo. Ligeuze kila joto linaposhuka ili pembe zilizokuwa nje ziingie ndani, na kila unapoligeuza angalia mabuu na kuwatoa. Lifunike jioni, hasa mvua za kwanza zinapoanza, maana ndipo mbawakawa wanaporuka. Mboji iliyoiva inanuka udongo wa msituni. Ikikunyima pumzi kwa harufu ya mkojo, bado.

Wakati huohuo wa mvua za kwanza, mbawakawa wakubwa hutua kwenye miti fulani fulani giza linapoingia, wakala majani na kupandana. Ukiutambua mti wao, tandaza shuka chini, tikisa matawi, uwakusanye kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Usiku chache za kazi hii, majirani wakishirikiana, huondoa majike kabla hawajataga. Taa juu ya beseni la maji nayo huwavuta, ila izime baada ya saa mbili tatu za mwanzo wa usiku, kwa sababu inaua pia wadudu wengi wasio na hatia.

Kupanda na kujenga tuta

Kagua mbegu moja moja. Kiazi cha mbegu chenye kinyesi cheusi kwenye jicho kina buu wa nondo, na ukikipanda umempanda na yeye. Weka mbegu kina cha sentimita 10 hadi 15. Inulia udongo mara ya kwanza mimea ikiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 20, na mara ya pili kabla majani hayajafunga mistari. Tuta liwe pana, si la mgongo mwembamba unaoporomoka mvua ikipiga.

Sababu ni hii. Nondo wa viazi hachimbi. Anatembea juu ya udongo akitafuta ufa, anashuka nao, anataga kwenye kiazi au karibu nacho. Kila kiazi kikiwa na udongo usiopungua sentimita 5 juu yake, na udongo usiwe na nyufa, amekosa mlango. Kwa hiyo umwagiliaji mwepesi wa mara kwa mara unaozuia tuta kupasuka ni udhibiti wa wadudu, hata kama hakuna anayeuita hivyo. Kwenye udongo wa mfinyanzi unaopasuka haraka, hapo ndipo uelekeze macho yako.

Mashudu ya mwarobaini, yale mabaki baada ya kukamua mafuta ya mbegu, yanafaa kuwekwa kwenye mfereji wakati wa kupanda. Kiasi kinachotumika sana ni kilo 200 hadi 250 kwa hekta, yaani gramu 20 hadi 25 kwa mita ya mraba. Changanya na udongo kwanza, yasigusane na mbegu moja kwa moja. Hayaui kwa kishindo. Yanaharibu hamu ya kula na ukuaji wa mabuu, na yanaacha naitrojeni polepole.

Kuvu, minyoo wadogo na Bt

Mwaka 1879, karibu na Odessa, mji wa Ukraine ya leo, mwanasayansi Élie Metchnikoff alikuwa akichunguza mabuu ya mbawakawa wa ngano wanaokufa kwa ugonjwa. Huyu ndiye aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi ya kinga ya mwili. Kuvu aliyoiona leo inaitwa Metarhizium anisopliae, na inauzwa kama dawa hai sehemu nyingi. Chembe zake zikimgusa mdudu zinaota, zinapenya ngozi, zinamla kwa ndani. Buu aliyekufa kwayo anakauka mgumu, anavaa utando mweupe, kisha unga wa kijani. Ukimkuta wa namna hiyo shambani, mwache palepale alipo, kwa kuwa yeye sasa ni kiwanda. Ndugu yake, Beauveria bassiana, humwacha mdudu na ukungu mweupe.

Kuvu hizi huwekwa kwenye mfereji wakati wa kupanda au huchanganywa na mboji iliyoiva. Zinataka unyevu na kivuli. Jua huua chembe zake, hivyo weka jioni na ufukie. Uwe mvumilivu, kazi yake ni ya wiki kadhaa, na kwenye udongo wa baridi huchelewa zaidi. Dawa za ukungu unazonyunyizia majani dhidi ya baka, shaba ikiwemo, zinaweza kuidhuru: usizichanganye kwenye bomba moja, wala usitumie bomba ambalo halijaoshwa vizuri. Kwa minyoo waya matokeo hupanda na kushuka. Ichukulie kama msaada juu ya mzunguko wa mazao, isiwe badala yake.

Kwa mabuu weupe na sota kuna askari wengine: minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, wa jamii za Heterorhabditis na Steinernema. Hawa si wale minyoo fundo wanaoharibu mizizi. Huingia ndani ya mdudu kupitia matundu ya mwili wake, humwachilia bakteria waliowabeba, na mdudu hufa kwa siku moja au mbili. Buu aliyeuawa na Heterorhabditis hubadilika kuwa mwekundu kama tofali, ishara nzuri ya kujua kazi imefanyika. Heterorhabditis bacteriophora hutafuta mawindo chini, anafaa kwa mabuu weupe. Steinernema carpocapsae huvizia karibu na uso wa udongo, anafaa kwa sota. Kwa minyoo waya wenye ngozi ngumu usiweke matumaini makubwa.

Hawa ni viumbe hai, na wengi huwaua kabla hawajafika shambani. Watunze mahali pa baridi, watumie mapema. Kabla ya kunyunyizia, tia kijiko kimoja cha mchanganyiko kwenye gilasi, acha kwenye joto la kawaida dakika 20, angalia kwa kioo cha kukuzia: wazima wanajinyonganyonga, wafu wamenyooka kama sindano. Toa vichujio vidogo kwenye bomba. Mwagilia shamba kwanza, nyunyizia jua likizama, udongo uwe umeshapita nyuzi 12 hivi za joto, mwagilia tena, na usiuache ukauke kwa wiki moja. Kiwango cha kawaida ni bilioni 2.5 kwa hekta, sawa na 250,000 kwa mita ya mraba, ila fuata lebo ya ulichonunua.

Bt, yaani bakteria Bacillus thuringiensis, huua anapoliwa tu. Aina inayouzwa kwa ajili ya viwavi inawafaa sota wachanga wanaokula majani, haina kazi kwa minyoo waya wala mabuu weupe. Soma lebo imetaja mdudu gani.

Sota: kazi ya usiku

Wiki za kwanza baada ya miche kutoka, pita shambani kila asubuhi. Ukikuta shina limekatwa na jani limeanza kunyauka, aliyelikata hajaenda mbali. Fukua kwa kidole kuzunguka shina hilo, sentimita chache tu kwenda chini, na mara nyingi utamkuta amejikunja. Mwache na kesho atakata la pili kwenye mstari huohuo, na keshokutwa la tatu. Usiku, kwa tochi, utawaona wakitambaa juu.

Wakiwa wengi, tengeneza chambo: pumba zilizolowekwa kwa maji yenye molasi kidogo na Bt, ziwe chepechepe bila kudondosha maji, zitawanywe jioni kuzunguka mashina. Na kama una umwagiliaji wa kunyunyizia kutoka juu, utumie mapema, viwavi wakiwa bado wadogo wanakula majani. Maji mengi wakati huo huwaua wengi. Wakishahamia udongoni na kunenepa, nafasi hiyo imepita.

Neno kuhusu majivu, utupa na tumbaku

Majivu kuzunguka shina huwasumbua sota hadi mvua inyeshe. Kwa viazi yana madhara ambayo hayasemwi: hupunguza asidi ya udongo, na ugonjwa wa upele wa viazi hustawi pale asidi inapopungua. Konzi hapa na pale si neno. Debe baada ya debe kila msimu, unabadilisha tundu kwa upele.

Utupa, mmea ambao majani yake hutumika kuua wadudu, ni sumu kali kwa samaki, na watu wameutumia kuvulia. Ukiutumia, usioshee vyombo mtoni wala kwenye bwawa. Maji ya tumbaku yaache kabisa: nikotini hupenya ngozi ya binadamu, na tumbaku ni ya ukoo mmoja na kiazi, inaweza kubeba virusi. Mafuta ya taa na oili chafu kwa ajili ya mchwa hayana nafasi kwenye udongo wa chakula; tafuta kichuguu, chimba hadi kwa malkia, umtoe.

Nyigu wadogo na maua

Nondo wa viazi ana adui anayeitwa Copidosoma koehleri, nyigu mdogo kama nukta, asili yake Amerika ya Kusini, aliyepelekwa Australia, Afrika Kusini na kwingineko. Anataga ndani ya yai la nondo, na yai lake moja hujigawa likawa makumi. Buu wa nondo anakua akidhani ni mzima, mwishowe anabaki ngozi iliyojaa pupa wa nyigu. Nyigu kama hawa wanahitaji asali ya maua madogo. Mistari ya giligilani au bizari iliyoachwa ichanue pembezoni mwa shamba inawalisha.

Kuvuna na kuhifadhi

Usiache viazi ardhini vikiwa vimeshakomaa. Kila wiki ya ziada ni karamu ya minyoo waya, na majani yakikauka tuta hupasuka na nondo hushuka. Kata mashina, subiri siku 10 hadi 14 ganda lishike, jaribu kwa kusugua kiazi na kidole gumba: ganda lisipobambuka, vuna.

Viazi vilivyofukuliwa visilale shambani usiku, ndio wakati nondo anaporuka. Na kamwe usivifunike kwa mashina yaliyokatwa ili kuvikinga na jua. Mabuu waliomo kwenye majani yanayokauka hutafuta chakula kipya, nawe umewawekea chini yao. Tumia turubai au magunia masafi. Masalia na viazi vilivyotobolewa viokote vyote, uvifukie kina kisichopungua sentimita 60.

Ghalani weka wavu madirishani na fagia mabaki ya zamani. Chini ya nyuzi 10 hivi mabuu wa nondo karibu husimama kukua, kwa hiyo ubaridi ni dawa. Pasipo ubaridi, tabaka za majani makavu ya lantana au mkaratusi kati ya viazi, unene wa sentimita 2 au 3, humpunguza nondo. Lantana ni sumu kwa mifugo, usiwatupie majani hayo baadaye, na vioshe viazi kabla ya kupika. Kwa viazi vya mbegu kuna pia unga wa virusi vinavyoshambulia nondo huyu, uliofanyiwa kazi sana na Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, Peru. Hutengenezwa kwa kusaga mabuu walioambukizwa na kuwachanganya na unga wa talki.

Kabla hujafunga mlango wa ghala, chota viazi 100 bila kuchagua, uvioshe, uvitenge kwa aina ya tundu: msumari, kijiko, shimo pana, njia yenye kinyesi. Andika hesabu ya kila fungu, na andika vimetoka upande gani wa shamba. Karatasi hiyo itundike ukutani. Siku utakapotoka na jembe kuchimba yale mashimo 11, ndiyo itakayokuonyesha uanzie wapi.